Mateka Aliyeahidiwa Uhai

Gundi hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Wenzake wa chumba cha kujalidi vitabu walikuwa wakimtania kwamba hata akikanyagwa mguu, yeye ndiye huomba radhi. Jina lenyewe walimpa wao, kwa sababu ya vidole vyake: miaka kumi na moja ya kubandika migongo ya vitabu ilikuwa imemwachia ukoko wa gundi kwenye kucha, ukoko usiotoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Kwa hiyo Jumamosi ile alipompigia kaka yake ukelele mbele ya watu, tena ukelele wa kusikika mpaka barabarani, waliokuwepo walitazamana kama watu walioona paka akibweka.

Walikuwa wamekutana chumba cha nyuma cha duka la Fundi Saa, kama kawaida yao. Kila Jumamosi mzee huyo alifunga duka saa nane mchana, akasukuma visanduku vya skrubu pembeni, akatandaza gazeti juu ya meza yake ya kazi, na watu wakaketi kucheza.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Unahitaji karatasi, penseli, dadu na mdomo. Mmoja ni Msimulizi: yeye ndiye anayejua ulimwengu wa hadithi, ndiye anayesema mvua imeanza, mlinzi amesinzia, daraja limeoza. Wengine, kila mmoja ana mhusika wake, na ni yeye anayeamua mhusika huyo atasema nini na kutenda nini. Jambo likiwa la kubahatisha, inarushwa dadu yenye pande ishirini, nayo ndiyo hakimu. Msimulizi alikuwa Gundi, na hadithi yake ilikuwa imewashika kwa mwaka na nusu: vita vya wachimba chumvi dhidi ya Bwana Chumvi, tajiri aliyezungushia ukuta visima vyote vya chumvi nchini na kuweka jeshi kila lango.

Fundi Saa alicheza mwizi wa maghala. “Nimekuwa mwaminifu miaka sitini na mitatu,” alisema siku ya kwanza, “niacheni niibe Jumamosi.” Nesi, ambaye wiki nzima alikuwa mpole wodi ya wazazi, alicheza jitu la kike lenye shoka. Katibu, kaka yake Gundi wa tumbo moja, alicheza nahodha wa waasi, na hakuna aliyeshangaa, maana hata kazini ndiye aliyekuwa katibu wa kamati ya wafanyakazi. Kiwanda kilikuwa kimoja, cha uchapaji: kaka kwenye mashine, dada kwenye kujalidi. Mwaka uliopita Katibu aliwaongoza wakagoma siku ishirini na tatu, na wakashinda. Tangu hapo hata mama yao alimwita Katibu.

Wa nne alikuwa mgeni wa wiki nne tu. Jina lake la utani lilikuwa Siku ya Tisa, kwa kifupi Tisa, na halikuwa jina la mapenzi. Mgomo ulipoanza, yeye alibaki ndani akiendesha mashine pamoja na wachache waliokataa kutoka. Siku ya tisa akafungua lango dogo, akavuka barabara, akasimama upande wa wagomaji. Mgomo ulipokwisha hakurudi kazini. Gundi alisikia, kama walivyosikia wengine, kwamba amekataa mwenyewe, hawezi kustahimili kuchekwa. Kisha siku moja alienda duka la vifaa vya ujenzi kununua brashi, akamkuta anakata vioo. Alikumbuka kwamba mtu huyu alikuwa akisoma kila kitabu kilichopita mikononi mwake, kurasa zikiwa bado na joto la mashine. Akamwambia, njoo Jumamosi. Tisa akamaliza kwanza kukata kioo chake. Jumamosi ilipofika, akaja.

Sasa, Jumamosi yenyewe. Waasi walikuwa wamemteka koplo wa zamu ya lango, mtu mzima mwenye mvi za kwanza kidevuni, wakamfunga kwenye mti. Gundi ndiye aliyemsemea. Alikuwa amemwandaa wiki nzima, akibandika migongo ya vitabu huku midomo ikimchezacheza.

“Sikuvaa sare hii kwa kumpenda Bwana Chumvi,” alisema kwa sauti ya koplo, nzito kidogo. “Kisima cha tatu kilikuwa cha baba yangu. Akakinyang’anya. Njia pekee iliyobaki ya kula chumvi yetu wenyewe ilikuwa kumlindia mwizi. Nimechoka. Nichukueni.”

“Mtego huo,” alisema Katibu.

“Mimi nampa maji,” alisema Tisa. Mhusika wake alikuwa mganga wa mifupa. “Namfungua mkono mmoja ashike kibuyu mwenyewe. Namuuliza, ukija kwetu unaacha nini nyuma?”

Gundi alipenda swali lile. Koplo akamjibu kwamba anaacha mke na mama mkwe, na kwamba akijulikana amehama, watu hao watalipa. Tisa akarusha dadu kumpima kama anasema kweli. Kumi na saba. Koplo hakuwa anadanganya.

“Haya,” Katibu akasogeza kiti. Alikuwa na sauti ya mikutano, sauti ya kuwatuliza watu mia. “Nahodha wangu anapiga goti mbele yake. Anamwambia hivi: naapa kwa wenzetu waliokufa bondeni, ukituonyesha njia ya kuingia, wewe ni mwenzetu. Utakula tunachokula, utalala tunapolala. Mkeo na mama mkwe tutawatoa kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote.”

Gundi aliona ngozi ya mkono wake ikisisimka. Kaka yake alipotaka, alijua kusema. Koplo akatoa yote: mfereji wa maji machafu chini ya ukuta wa mashariki, wavu uliolegea, neno la siri, zamu zinavyobadilishana.

“Vizuri sana,” alisema Katibu, akaegemea nyuma. “Namkata koo.”

Fundi Saa alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akajifanya anakohoa.

“Unasema?” aliuliza Gundi.

“Namkata koo. Amefungwa, sina haja ya dadu. Keshatuambia, hana kazi tena. Aliyemsaliti bwana wake atatusaliti na sisi. Kikulacho ki nguoni mwako. Tuendelee, nani anatangulia mfereji?”

Nesi alikuna shingo. “Mh. Ameapiwa, lakini.”

“Ni mateka, Nesi. Si shemeji yako.”

Nesi akanyamaza. Fundi Saa akachukua bisibisi ndogo, akaanza kuikagua ncha yake. Tisa alikunja karatasi ya mhusika wake mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akasimama.

“Angalau huyu mmemmaliza siku hiyo hiyo,” alimwambia Katibu. Akachukua kofia yake, akatoka.

Gundi alimtazama kaka yake. Katibu alikuwa anapangapanga dadu, ndogo mbele, kubwa nyuma.

“Ana maana gani?”

“Mchezo umemwingia kichwani. Mwache.”

Gundi hakumwacha. Alimfuata mbio, akamkuta mbele ya duka la viatu lililofungwa, amesimama tu, mikono mfukoni, kama mtu aliyesahau anakwenda wapi.

“Samahani,” alisema Gundi, kama kawaida yake. “Sikujua atafanya vile. Mimi mwenyewe—”

“Hukujua,” alirudia Tisa. “Kweli hukujua? Wewe ni dada yake.”

“Kujua nini?”

Tisa akageuka. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo lilikuwa baya kuliko machozi. “Unadhani siku ya tisa nilitoka kwa sababu ya jua kali? Kaka yako alinipigia simu usiku wa siku ya saba, na wa siku ya nane. Akaniambia, njoo, utakuwa mwenzetu. Nilikuja na habari kwamba Jumapili asubuhi Meneja anahamisha mashine mbili kubwa kwa mlango wa nyuma. Mlilala mlangoni mkawazuia. Mngekuwa mmegomea ghala tupu! Mlishinda kwa hilo, si kwa nyimbo zenu. Halafu orodha ya kurudi kazini ikatoka, mimi simo.”

“Tuliambiwa ulikataa.”

“Na nani?”

Jibu lilikuwa limekaa chumba cha nyuma cha Fundi Saa likipanga dadu.

“Mwaka mzima,” alisema Tisa, “mnapita dukani kwetu kununua misumari, mnanipigia mluzi, Siku ya Tisa, Siku ya Tisa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza. Fadhila ya punda. Nilikuja Jumamosi hizi nikidhani labda mmeanza kuona aibu.” Akavaa kofia. “Kumbe nimekuja kujiona nikichinjwa.”

Akaondoka bila kuaga.

Hapo ndipo Gundi aliporudi ndani na kupiga ule ukelele. Maneno ya kwanza hata yeye hakuyakumbuka baadaye. Nesi alisema yalikuwa “muongo” mara tatu mfululizo. Fundi Saa alifunga dirisha.

“Ulimtoa kwenye orodha!”

“Punguza sauti.”

“Ulimtoa, ukatuambia amekataa!”

Katibu alitazama mlango, akamtazama Nesi, akaona hakuna pa kupitia. “Meneja ndiye aliyemtaka,” alisema. “Siku ya ishirini na mbili. Akasema anasaini kila kitu tulichoomba, wote mnarudi, kasoro mmoja, yule aliyetoa siri. Kalamu iko mezani. Nje watu wamechoka, wengine wameshaanza kunong’ona kurudi. Nifanyeje? Mmoja kwa mia moja na kumi na wawili, Gundi. Wewe ungefanyaje?”

“Ningewauliza hao mia moja na kumi na wawili.”

“Wangesema sawa.”

“Basi wangesema wao! Ukaogopa wasiseme, ndiyo maana ukatudanganya. Na ulimwapia! Ulimpigia goti kama ulivyompigia yule koplo.”

“Usichanganye mchezo na—”

“Mchezo ni wangu! Mimi ndiye ninayejua nini kinachanganyika na nini!” Alipiga meza, skrubu zikaruka kwenye visanduku vyake. “Umefanya mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa na kalamu mezani na watu nje. Leo ulikuwa na nini? Nani alikushikilia kisu? Umefanya kwa sababu umeshazoea.”

Katibu alisimama. Alikuwa mrefu, na katika mikutano urefu ule ulimsaidia. Hapa alijigonga kichwa kwenye rafu ya saa, na hakuna aliyempa pole. Akaenda zake.

Nyumbani Gundi hakulala vizuri. Kaka huyu ndiye aliyemfundisha kusoma kwa vipande vya karatasi za chapa alivyokuwa akileta mfukoni. Ndiye aliyemtafutia kazi. Kila alipokumbuka jambo jema alilotendewa naye, hasira ilipanda ngazi moja zaidi, kana kwamba wema wote ule ulikuwa umetolewa kununua ukimya wake.

Jumamosi iliyofuata Tisa hakuja. Katibu alikuja, kwa kiburi, ili isionekane amekimbia. Gundi alifungua daftari lake la hadithi bila salamu nyingi.

“Mmepita mfereji,” alisema. “Wavu umelegea kama koplo alivyosema. Lakini maiti yake imeonekana. Imekutwa imefungwa, mkono mmoja uko huru, kibuyu cha maji chini. Kila askari wa Bwana Chumvi ameelewa: huyu alijisalimisha, akapewa maji, akachinjwa. Kuanzia leo hakuna adui hata mmoja atakayejisalimisha kwenu.”

“Sawa,” alisema Nesi, akikamata dadu. “Tupigane basi.”

Walipigana. Ghala la lango lilikuwa na walinzi sita. Wawili walipoanguka, wengine, ambao wiki mbili zilizopita wangetupa mikuki na kuomba, walijifungia ndani. Nesi akawapigia kelele watoke, watasamehewa. Gundi akajibu kwa sauti ya mlinzi asiyeonekana: “Kama mlivyomsamehe koplo?” Kisha walinzi wakawasha moto mapipa ya mafuta, wao wenyewe wakiwa ndani. Jitu la Nesi lilikuwa limeshavunja mlango. Dadu ikatoa tatu. Mwaka na nusu wa shoka, makovu na mizaha ukaungua mbele ya meza.

Nesi aliiangalia karatasi yake. Akaichana katikati, taratibu, kama anavyochana plasta.

“Unatuadhibu sisi kwa kosa lake,” alisema.

“Mlikaa kimya,” alisema Gundi. “Wewe ulisema ‘ameapiwa, lakini’. Halafu ukanyamaza. Ungesema ‘simama’, shoka lako lilikuwa pale.”

“Kweli.” Nesi aliinua uso, naye sasa alikuwa amewaka. “Nilinyamaza dakika moja, kwa mtu wa hadithi. Wewe umenyamaza mwaka mzima kwa mtu wa kweli. Tisa alikuwa anakata vioo barabara mbili tu kutoka kiwandani kwenu. Ulimuuliza? Hata siku moja, ulimuuliza kwa nini hukurudi? Nyani haoni kundule, mwenzangu.”

Fundi Saa alisema “jamani, jamani,” lakini hakuna aliyemsikiliza. Katibu alikuwa na kitu kama tabasamu mdomoni, tabasamu la mtu anayeona mzigo wake umepata mabega mengine, na Gundi alipoliona alihisi angeweza kumrushia mkoba. Hakurusha. Nesi alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo alitembea nayo siku nne.

Siku ya tano kulikuwa na mkutano wa wafanyakazi, ukumbi wa kulia chakula, baada ya zamu ya asubuhi. Ajenda zilikuwa feni za chumba cha wino na glavu mpya. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mengineyo, Gundi alinyoosha mkono. Watu walidhani anataka kuomba ruhusa ya kutoka.

“Mwaka jana,” alisema kwa sauti isiyofika viti vya nyuma, akaanza upya. “Mwaka jana tuliambiwa Siku ya Tisa alikataa kurudi kazini. Hakukataa. Alitolewa. Meneja alimtaka, na Katibu wetu akamtoa, bila kutuuliza, halafu akatudanganya. Mashine zile mbili mnazoendesha, ni yeye aliyetuambia zinahamishwa. Kila mmoja humu anakula kwa jasho la mtu anayempigia mluzi. Nami nimo. Sikuwahi kumuuliza. Nasema leo, nimechelewa, lakini nasema.”

Kelele zilizofuata hazielezeki. Mmoja alipanda benchi akimtukana Gundi kwamba anaivunja kamati. Mwingine, mama wa chumba cha wino aliyegoma siku zote ishirini na tatu na mguu wenye kidonda, alimwambia huyo wa kwenye benchi ashuke kabla hajashushwa. “Katibu aseme!” watu wakapiga meza. “Aseme mwenyewe!”

Katibu alisimama. Sauti ya mikutano hakuwa nayo. “Ni kweli,” alisema. “Nilidhani nawaokoa.” Akasubiri kama kuna mtu atamsaidia sentensi inayofuata. Hakuna aliyemsaidia. “Nilipaswa kuwauliza,” akamaliza, akakaa.

Kura zilipigwa kwa mikono. Tisa arudishwe, mikono themanini na mitatu. Katibu aachie ukatibu, sabini na moja. Gundi aliinua mkono mara zote mbili, na mara ya pili alimtazama kaka yake usoni wakati anauinua, kwa sababu aliona kuangalia pembeni kungekuwa uoga mwingine.

Meneja alipopelekewa habari alicheka. Kesho yake asubuhi mashine hazikuwashwa. Watu walikaa mahali pao pa kazi, mikono mapajani, na kazi ya vitabu vya shule iliyopaswa kutoka wiki ile ikabaki imelala kwenye mabamba ya kuchapia. Ilipofika saa tano Meneja hakuwa anacheka tena. Saa sita na nusu barua ya kumrudisha Tisa ikatoka.

Jioni mama yao alipiga simu. “Umemvua nguo kaka yako mbele ya watu.”

“Alijivua mwenyewe, mama. Mimi nimesema tu kwamba yuko uchi.”

“Damu ni nzito, mwanangu.”

“Ndiyo maana inanisumbua hivi. Angekuwa mtu baki ningeshalala.”

Mama akavuta pumzi ndefu upande wa pili. “Amekuja hapa. Amekaa jikoni hasemi. Nimpe nini?”

“Mpe chakula,” alisema Gundi kwa hasira, akakata simu, kisha akaketi kitandani akalia kwa hasira hiyo hiyo.

Barua Gundi aliipeleka mwenyewe duka la vifaa vya ujenzi. Alitarajia nini? Hata yeye hakujua. Labda mtu kukaa chini kwa furaha. Tisa aliisoma akiwa amesimama, kisu cha kukatia kioo kikiwa bado mkononi.

“Nani alikutuma?”

“Hakuna. Nilisema mkutanoni, watu wakapiga kura.”

“Kwa hiyo mliniweka tena mezani, mkanijadili, mkanyoosha mikono.” Aliitikisa barua. “Hata safari hii hamkuniuliza. Unaona? Kaka anamwuza mtu bila kumuuliza, dada anamkomboa bila kumuuliza. Ukoo mmoja kweli.”

Gundi alitaka kusema amegombana na ndugu, amegombana na mama, amesimama mbele ya ukumbi mzima. Alitazama vipande vya kioo sakafuni mpaka hamu ya kusema ikapita.

“Ni kweli,” alisema. “Ningekuuliza kwanza. Sasa nakuuliza: unataka kurudi?”

“Nina watoto watatu,” alisema Tisa. “Usiniulize kama nataka. Nitarudi.” Akaikunja barua. “Na usitegemee ahsante.”

“Sitegemei.”

“Vizuri.”

Jumatatu alirudi. Waliokuwa wakimpigia mluzi walikuja mmoja mmoja kumpa mkono. Wengine aliwapa, wengine aliwaacha na mikono yao hewani. Hakuna aliyemwita Siku ya Tisa siku ile.

Wiki tatu zilipita mchezo haujachezwa. Jumamosi ya nne Fundi Saa alimpigia Gundi: njoo, kuna watu hapa. Alipofika alimkuta Nesi na karatasi mpya ya mhusika, mpishi wa jeshi mwenye sufuria la chuma, na Tisa ameketi kiti kile kile alichoinukia.

“Nina neno kabla hatujaanza,” alisema Tisa. “Kuhusu mateka.”

“Sema.”

“Adui akija upande wetu, siku ya kwanza haulizwi siri. Anapewa maji, chakula na mahali pa kulala. Asipewe silaha, sawa, sikatai, mimi si mjinga. Awekewe mtu wa kukaa naye, lakini mtu huyo awe wa kuzungumza naye, si wa kumchungulia. Siri azitoe mwenyewe akitaka. Asipozitoa, basi tumepata mtu mmoja na adui amepungukiwa mmoja, inatosha. Na asiambiwe athibitishe kila siku kwamba amehama. Mtu anahama mara moja. Mkimlazimisha ahame kila asubuhi, atachoka, atarudi alikotoka, na mtasema mlijua.”

Alikuwa amesema yote hayo akigonga meza kwa kidole, hasira haijamtoka hata chembe.

“Na akiwa jasusi kweli?” aliuliza Fundi Saa. “Hutokea, bwana.”

“Hutokea. Basi tutaumia. Tutaumia kidogo kuliko mlivyoumia ghalani.”

Nesi aliguna. “Mimi ndiye niliyeungua, na nakubaliana naye.”

Gundi alikuwa anaandika yote kwenye daftari mlango ulipofunguliwa. Katibu, ambaye sasa hakuwa katibu wa chochote, alisimama kizingitini ameshika kofia. Alikuwa amekonda usoni. Alimtazama dada yake, kisha akaona hapana, si huyu, akamgeukia Tisa.

“Nimekuja kukuomba radhi,” alisema. “Nilikuwa na maneno mengi. Yamenipotea njiani.”

“Afadhali,” alisema Tisa. “Maneno yako nayajua.”

Katibu hakuondoka, wala hakuingia.

“Sijakusamehe,” alisema Tisa hatimaye. “Labda sitakusamehe. Kazini tunashika mashine moja, nakuvumilia saa nane kwa siku. Hapa ni mahali pa kucheza. Ukikaa, nahodha wako si nahodha tena. Atatembea mbele bila silaha, mikono ionekane, mpaka sisi tuseme imetosha.”

Katibu aliitazama kofia yake. Gundi alisubiri aone kama kiburi kitamtoa nje, na kwa kweli nusu ya moyo wake ilikuwa inamwombea kitoe, ili aendelee kumkasirikia kwa raha. Lakini kaka yake alikipita kiti chake cha zamani, akavuta kigoda, akaketi pembeni ya meza, akatoa penseli.

“Mikono inaonekana,” alisema.

Gundi hakumtazama. Alifungua ukurasa mpya, akatafuta sauti ya Msimulizi, akaikuta bado inakwaruza. “Kumepambazuka,” alisema. “Mbele yenu ni lango la pili, na juu ya ukuta kuna wapiga mishale. Hakuna hata mmoja wao anayewaamini.”